Baba Yetu, Fundi wa Mawimbi ya Ubongo

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kutushika mkono, mimi ni binti wa marehemu, kaka yangu ameiandika karatasi hii na mimi nimepewa niisome, nitaisoma, ila mnivumilie.

Baba yetu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1956, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, sekondari hadi 1974, kisha akajifunza ufundi wa redio, na tarehe 2 Mei 1984 akaajiriwa hospitali kuu, chumba cha kupimia ubongo, ambako kwa miaka thelathini aliwabandika wagonjwa nyaya kichwani, akiwaomba wakumbuke siku yao ya kwanza shuleni huku mashine ikichora mawimbi, na aliyejifanya anakumbuka kumbe anawaza chakula, Baba alimwambia bila haya kwamba mstari umemuumbua. Wenzake walimwita Bwana Nyaya.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi wa wodi ya jirani, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu na mimi.

Mwaka 2014 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, Baba akatania kwamba mashine imemwambukiza, lakini ugonjwa haukuwa na mzaha, ukashika mikono yote miwili, ukamfikisha mahali pa kushindwa kufunga kifungo cha shati, na tarehe 8 Oktoba 2019 madaktari wakampandikiza nyaya ndani kabisa ya ubongo, betri wakaiweka chini ya ngozi ya kifua, umeme mdogo ukaituliza mikono ile. Tulishangilia. Baadaye kumbukumbu zikaanza kumtoka, madaktari wakasema ni ugonjwa wenyewe, si nyaya, mimi nikabisha, kwa sababu mwaka mzima baba yangu mzazi alikuwa akiniita sista, kama muuguzi wa wodini, akiniamkia shikamoo.

Karatasi inasema alifariki tarehe 15 Juni 2024 kwa homa ya mapafu. Ni kweli, ila si yote, na hili ninalolisema sasa halikuandikwa hapa, Mama hulijui, kaka hulijui. Jumapili tarehe 9 Juni, saa tisa alasiri, mlipokuwa mmetoka, nilichukua ile rimoti ya betri tuliyokatazwa kuigusa, nikaizima betri nione kama atanikumbuka, nikijiambia ni dakika kumi tu. Mikono ikaanza kutetemeka, shingo ikakaza, akanitazama, akasema, mwanangu, umekonda. Jamani! Kwa furaha nikamnywesha chai, nikasahau kwamba bila umeme ule hata kumeza kulimshinda, akapaliwa, chai ikaingia mapafuni, nikawasha, nikawa nimeshachelewa. Na hata leo sijui kama ni rimoti iliyomrudisha kwangu, au angeniita mwanangu siku hiyo hata kama nisingegusa kitu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku sita bila mimi kuwaambia nilichofanya, majirani waliotuletea viti na maji, na wenzake wa chumba cha ubongo. Kaka, usininyang'anye karatasi, namalizia. Mama, naomba unitazame.

Baba, pumzika kwa amani, ya kwangu umeondoka nayo.