Wassillie Nanalook na Mkanda wa Mwisho

Mzee Wassillie Nanalook anastaafu tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwa fundi wa shule yetu na zahanati. Ameomba pasiwe na hotuba. Ukurasa huu wa jarida ameukubali kwa sharti moja: kosa lake la mkanda wa pikipiki lisiachwe.

Alianza kwa kutunza majiko ya mafuta ya shule, wakati ardhi ya chini, hapa kwetu kaskazini kwenye baridi kali, ilikuwa bado imeganda mwaka mzima na mtu aliweza kufika uwanja wa ndege na viatu vikavu. Ardhi ilipoanza kuyeyuka, njia ikawa tope, na pikipiki za magurudumu manne zikawa ndiyo miguu yetu. Tangu hapo karakana yake haikuwahi kukaa tupu.

Hakuwa mtu wa kukimbilia kufungua injini. Kwanza aliuliza. Nastasia, mhudumu wa zahanati, ni binamu na mtani wake. Siku moja aliisukuma pikipiki ya zahanati hadi mlangoni, akilalamika kwamba injini imezeeka na haina nguvu.

"Maji yalifika wapi?" Wassillie akauliza.

"Magotini."

"Magoti yako, au ya mtu mzima?"

"Tengeneza, mzee. Acha kunipima."

Akaiwasha, akasikiliza. Injini ilinguruma vizuri, magurudumu yakasita: mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu umelowa. Akafungua kizibo chini ya kasha la mkanda, maji yakamwagika, kisha akaingurumisha bila gia mpaka mkanda ukakauka. Kama injini yenyewe ingekohoa, angekwenda kwenye chujio la hewa. Kama ingechoka baada ya mwendo mrefu, angechokonoa tope kwenye rejeta inayopoza injini. Wengi wetu tumejifunza hayo kwa kusimama tu karibu naye.

Miaka miwili iliyopita, msimu wa kuwinda kulungu wakubwa ulipofunguliwa, Evon Pavila alipita karakana asubuhi. Mkanda wa pikipiki yake ulikuwa umekatika. Kwetu mwindaji hanyimwi kitu, wala haulizwi atarudisha lini. Wassillie alimpa mkanda wa akiba wa zahanati, na ulikuwa wa mwisho.

Mchana huohuo Elena, mke wa Wassillie, alizidiwa na kifua. Ndege ya kumpeleka hospitali ikaitwa. Nastasia alimlaza kwenye tela la pikipiki ya zahanati, na katikati ya njia iliyofurika ya uwanja wa ndege pikipiki ikaishiwa nguvu. Wassillie aliwafuata kwa miguu. Alimwaga maji, akakausha, lakini mkanda ulikuwa umeteleza mno ukaungua. Wanaume sita walivuta tela kwa kamba. Walipofika, ukungu ulikuwa umeshuka na ndege imeshaondoka. Elena alifariki asubuhi iliyofuata.

Evon aliporudi na kusikia, alikuja na paja la kulungu na mkanda mpya.

"Mjomba, kwa nini hukuniambia ni wa mwisho?"

"Ungeuacha."

"Ningeuacha, ndiyo."

"Na bibi yako angekula nini majira ya baridi? Weka mkanda hapo rafuni. Nyama lete ndani, usisimame nayo kama mgeni."

Tangu siku hiyo, kila mgonjwa alipopelekwa uwanja wa ndege, Wassillie alitangulia kwa miguu, akipima kina cha maji kwa fimbo, hata kama mgonjwa aliumwa jino tu. Nastasia alimwambia mara nyingi apande tela. Hakupanda. Sasa magoti yamekataa, na ndiyo sababu anaondoka. Wa kushika nafasi yake hajapatikana. Jumatatu karakana itakuwa imefungwa.

Mzee Wassillie, tunakushukuru kwa kila mtu uliyemfikisha. Ulitaka habari ya mkanda iandikwe kama kosa. Tumeiandika kama ilivyotokea. Tunakutakia miaka mingi yenye utulivu, na tunaomba katika miaka hiyo ifike siku utakayoisoma kama tunavyoisoma sisi.