Mama Chujio na Pini ya Mwendo Mwema

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, saa tisa na nusu alasiri, Mama Chujio atarudisha kitambulisho chake pale mapokezi baada ya kuitumikia Ofisi ya Ramani kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Hiyo miezi minne nimeonywa nisiisahau, maana ameihesabu mwenyewe. Katibu amenipa kurasa mbili za programu hii ya sherehe ya kumuaga na kunisisitiza niandike kwa heshima. Nitajitahidi, ila mimi ni dereva, na madereva tunajulikana.

Kwa wageni waliokuja kula keki tu: huyu mama hakuajiriwa kuchuja chai. Mkuu wetu wa sasa, wiki yake ya kwanza, alisikia watu wakimwita Mama Chujio, akamwagiza chai ya maziwa kwa wageni watatu. Mama akaileta, tena tamu, akaiweka mezani, kisha akauliza kwa upole kama Mkuu angependa kuona na ile kazi anayolipwa kuifanya. Kazi yenyewe ni hii. Ukifungua ramani ya ofisi kwenye simu au kompyuta, juu kuna kisanduku cha kuandika unachotafuta, na pembeni kuna orodha ya kuweka tiki: zahanati, shule, masoko, mafundi, viwanda. Ukiweka tiki, ramani inakuonyesha unavyovitaka na kukufichia visivyokuhusu. Orodha hiyo ndiyo chujio. Kisanduku kikae wapi, tiki ziwe ngapi, maneno yaweje, halafu kuyajaribu yote hayo mpaka yakubali, hayo ndiyo yamekula ujana wake. Vijana wanayaita kwa majina marefu. Mimi naita vibonye.

Alipoajiriwa, ramani zilikuwa za karatasi, zimelala kwenye makabati yenye droo pana kama vitanda. Yeye alikaa dirishani. Mtu anakuja anasema natafuta kiwanja cha baba mdogo, kipo karibu na mti ulioanguka. Mama anamuuliza maswali mawili matatu, anapotea kule nyuma, anarudi na karatasi yenyewe. Kompyuta zilipofika, na wakubwa wakatangaza kwamba sasa mashine ndiyo itakayotafuta, wengi tulidhani habari yake imekwisha. Kumbe mashine ilikuwa haijui kazi. Ilimpa mtu alichoandika, siyo alichotaka, na ukikosea herufi moja inakujibu kwa mkato kama karani mwenye njaa. Mama akaomba kuhamia ghorofa ya pili, kwenye kile chumba cha dirisha lisilofunguka, akaanza kuifundisha mashine adabu za dirishani. Ameifundisha miaka kumi na minane. Leo hata madereva wa magari ya wagonjwa wanatumia kisanduku chake, na wale si watu wa kubembelezana na simu.

Namna yake ya kujaribu ilikuwa ya peke yake. Hakuamini mtu aliyekaa. Alikuwa akiuliza, nani anatafuta zahanati akiwa kwenye kiti kinachozunguka? Kwa hiyo alitutoa nje saa saba mchana, jua la utosini, simu mkono mmoja na mzigo mkono wa pili. Mimi nimewahi kutafuta kituo cha polisi nikiwa nimebeba debe na mwavuli, vidole vimelowa, mpishi wa kantini akinicheka mpaka akaketi chini. Mama anakaa pembeni na daftari, kimya. Ukimuuliza ubonyeze wapi, anakutazama tu kama hakujui. Ukishindwa na kuanza kujilaumu, ndipo anafungua mdomo: "Hujakosea wewe. Kimekosea kibonye." Miaka yote hiyo sijamsikia akimwambia mtu amekosea, isipokuwa mimi, na ni kuhusu gia. Wakati mmoja alisimama mbele ya kikao kizima akasema kibonye chochote ambacho dereva ameweza kukitumia, hakuna binadamu atakayeshindwa. Niliipokea kama sifa. Mpaka leo sina hakika.

Asidhani mtu kwamba namsifia malaika. Kuna kijiti kwenye ramani, unakisogeza kuchagua vitu vilivyo karibu nawe. Wakati wa kukijaribu, Mama aliiambia mashine kwamba kila anayeuliza yuko hapa ofisini, ili apate kulinganisha. Siku ya kukitoa kwa umma akasahau kuifuta amri hiyo. Siku mbili nzima, kila mtu wa jiji hili aliyeuliza duka la dawa lililo karibu naye, hata aliyekuwa kule mwisho wa barabara kuu, alioneshwa duka la ng'ambo ya geti letu. Mwenye duka alikuwa mtu wa kusinzia juu ya kaunta. Ikabidi awaite dada zake wawili waje wamsaidie, na siku ya tatu akatuletea kreti la soda na kuuliza kama tunaweza kurudia. Mama alishuka akapita foleni nzima ya dukani, mtu mmoja mmoja, akiomba radhi. Halafu, kwa kuwa ni yeye, akamuuliza kila mmoja alibonyeza wapi, akaandika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ofisi nzima inalijua na hakuna aliyethubutu kuliandika.

Kisanduku kizuri cha kutafutia lazima kijue kusema hakuna. Zamani mashine ilikuwa ikijibu, "Kosa. Taarifa hazipo." Mama akasema huwezi kumjibu hivyo mtu aliyembeba mtoto mgonjwa. Akahangaika mwezi mzima na maneno, mpaka ikawa kama mnavyoiona leo: "Hatujapata kitu hapa. Ondoa tiki moja, au sogeza ramani." Ili kujaribu kama jibu hilo linatokea sawasawa, kila mara kabla ya toleo jipya inabidi kuandika neno ambalo una hakika halipo kwenye ramani. Vijana wa kompyuta wanapiga kibodi kwa kiganja, yanatokea yatakayotokea. Mama Chujio, kwa miaka kumi na minane, aliandika maneno yaleyale mawili: Mwendo Mwema.

Kilikuwa kiwanda cha viatu. Baba yake alikuwa mkata ngozi pale, na familia ilikaa kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda, mlango wa nne. Kilifungwa yeye akiwa na miaka kumi na mbili. Mashine ziliuzwa, nyumba zikabomolewa, na watu wakasambaa na magodoro yao kichwani kila mmoja upande wake. Hapakubaki kitu, kwenye karatasi wala kwenye kompyuta, na kwa hiyo hapakuwa na jina bora zaidi la kujaribia. Anaandika Mwendo Mwema, mashine inajibu hatujapata kitu hapa, anaweka alama daftarini, kazi inaendelea. Lakini binti wa programu za kompyuta, anayekaa meza ya jirani, anasema kila mara Mama alikawia. Mashine imeshajibu, alama ameshaiweka, na yeye bado anatazama kioo.

Mwezi wa tatu mwaka huu akaandika kama kawaida. Ikatokea pini, ile alama ya kwamba mahali papo.

Binti anasema Mama aliondoa mikono kwenye kibodi kama aliyeshika pasi ya moto. Watu wa nje wanaruhusiwa kupendekeza mahali kwenye ramani yetu, na mtu fulani alikuwa amependekeza, na pendekezo likapita bila kukaguliwa. Shida ikaanzia hapo, maana ukutani kwenye chumba chake kuna sheria aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: ramani huonyesha kile ambacho mtu atakikuta leo akienda kwa miguu. Kwa sheria hiyo amefuta shule, amefuta kumbi za sinema, amefuta hoteli ya mjomba wa Mkuu. Watu walikuja wakimlilia na hakurudisha. Kama pale hapakuwa na kitu, basi kazi ya kufungia utumishi wake ilikuwa ni kupafuta kwao kwa mkono wake mwenyewe.

Tulimshawishi. Binti akamwambia, "Mama, iache tu, nani ataiona?" Mkuu naye, siku hiyo Mungu alimjalia utu, akasema, "Mimi sijaona kitu." Mama akamjibu, "Basi vaa miwani." Kisha akatuambia kwamba akiiacha ya kwao, itabidi aanze kuwarudishia watu wote aliowafutia ya kwao.

Jumanne yake nikampeleka. Namwita shemeji, kwa kuwa marehemu mke wangu alikuwa rafiki yake wa kusukana nywele, na ushemeji huo hunipa ruhusa ya kumtania. Siku hiyo sikuitumia. Njia nzima hakunikosoa, hata nilipoingiza gia vibaya kwa makusudi. Niliona amevaa vile viatu vyake vyeusi vya sherehe.

Tulikuta ukuta mrefu wa ghala la matangi ya maji, barabara ya malori, na vumbi. Geti la kiwanda halikuwepo, wala bomba la moshi. Akashuka na simu mkononi, akaifuata pini hatua kwa hatua mpaka kwenye pembe ya ukuta. Pale, chini ya kipande cha bati, alikuwa ameketi mwanamke wa miaka kama thelathini akishona soli, misumari midogo imejaa mdomoni. Juu yake kimening'inia kibao kilichopakwa rangi kwa mkono: MWENDO MWEMA.

"Karibu mama. Kiatu kiko wapi?"

Mama akamuuliza jina lile amelitoa wapi.

"Nimelikuta. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa nacho hiki kibao, na yeye alisema alikiokota hapahapa. Mteja mmoja ndiye aliyeniingiza kwenye ramani ya simu. Kwani kuna tatizo?"

"Hapa palikuwa na kiwanda."

"Hapa? Hapa ni matangi, mama."

"Kabla ya matangi."

"Mh, watu wanasema mengi. Haya, kiatu kiko wapi? Nina foleni."

Foleni ilikuwa mimi.

Mama Chujio akaketi kwenye kigoda cha wateja, akavua kiatu cha kulia, akampa. Fundi akakigeuza huku na huku, akakibonyeza kisigino. "Mama, hiki kizima."

"Kagua vizuri."

"Nimekagua. Kizima kuliko mimi."

"Basi king'oe, ukipigilie upya."

Fundi akanitazama kama anayeuliza huyu wako anaumwa. Nikatazama pembeni. Akaking'oa kile kisigino kizima, akaanza kukipaka gundi, na ikabidi kusubiri gundi ikauke. Katika muda huo Mama akainuka, mguu mmoja kiatu, mguu mmoja peku, akatembea kando ya ukuta akihesabu kwa sauti ndogo. Alipofika nne akasimama. Ukutani pale hapakuwa na alama yoyote. Akagonga kwa vidole, taratibu, kama anayebisha hodi. Aliyeitika ni mbwa wa ghala. Nilikuwa na utani wa kufaa siku ile, wa aina tatu, tena mzuri. Nikaenda kukagua tairi.

Aliporudi ofisini hakufuta. Aliandika hivi kwenye fomu ya ukaguzi, nimeisoma kwa macho yangu: "Nimekwenda kwa miguu. Kipo. Fundi viatu, chini ya bati, pembeni mwa ghala. Hufungua saa mbili asubuhi." Pini akaiweka kwenye orodha ya mafundi. Kwenye viwanda hakuiweka, maana kiwanda hakipo, na yeye hawezi kuidanganya ramani hata kwa ajili ya baba yake. Kisha akafungua daftari la majaribio analowaachia wanaobaki, akalibadilisha lile jaribio la miaka kumi na minane. Sasa lina mistari miwili. Andika Mwendo Mwema, weka tiki ya viwanda: hakuna kitu. Ondoa tiki: kipo kimoja.

Binti wa programu anasema ni jaribio zuri kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, maana kwa jina moja unapima kupata na kukosa. Hayo ni ya waliosoma. Ninachojua mimi ni kwamba nilimpelekea bahasha wakati analijaribu kwa mara ya kwanza, na jaribio la mara moja alilifanya mara nne. Anaweka tiki, pini inapotea. Anaondoa, inarudi. Bahasha nikaiacha mlangoni.

Anasema akistaafu atapumzika. Msimwamini. Tangu mwezi wa tatu amempelekea yule fundi viatu vyote vya nyumbani kwake, vya dada yake, vya binti wa programu, na vyangu nikiwa nimevivaa. Fundi amempa jina, anamwita Mama Viatu Vizima. Mwanzoni alikuwa akimcheka. Lakini wiki iliyopita, nikiwa nasubiri garini, nilimsikia ametema misumari mkononi na kuuliza mwenyewe, bila kuombwa: "Hebu mama, hilo geti la kiwanda lilikuwa upande gani?" Mama akaokota kijiti, akaanza kumchorea chini kwenye vumbi. Nikazima injini.

Shemeji, kwa niaba ya ghorofa zote mbili, kantini na maegesho: asante. Umetufundisha kumjibu vizuri hata mtu anayetafuta kisichokuwepo. Chumba chako hatujui tutampa nani, na dirisha bado halifunguki. Sisi hapa tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na simu zetu, na viatu vibovu vya kutosha.