Mektrida Tesha na Ng'ombe wa Rafiki Yangu

Bi Mektrida Tesha anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuutumikia ushirika wetu wa maziwa hapa Kilema kwa miaka thelathini na minne akiwa mtaalamu wa uhimilishaji. Kwa faida ya wageni watakaokuwa ukumbini siku hiyo, mhimilishaji ni mtu anayempa ng'ombe mimba kwa mbegu iliyohifadhiwa kwenye baridi kali, bila dume kufika nyumbani. Kwa mujibu wa vitabu vyetu, ndama elfu kumi na moja na mia tatu wamepatikana kwa mkono wake. Vitabu hivyo ninavitunza mimi, kwa hiyo msomaji aongeze au apunguze kidogo.

Kamati imenipa mimi, Filemon, karani wa kumbukumbu, kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimekaa naye ofisi moja kwa miaka ishirini na mitano. Sababu ya pili, ambayo kamati kwa heshima haikuitaja, ni kwamba mambo mengi mema aliyoyafanya Bi Mektrida yalianza na kosa langu. Katika hilo hakuna shahidi mwenye uzoefu kunizidi.

Alizaliwa hapa hapa Kilema, mtoto wa nne katika familia ya kahawa na migomba, akasomea mifugo chuoni na kuajiriwa mwaka 1991. Wakati huo hakuna mwanamke aliyekuwa akifanya kazi hii huku kwetu. Alipewa pikipiki na mtungi wa mbegu ambao ukifunguliwa unatoa mvuke wa baridi. Aliwaamkia wazee shikamoo, wakamwitikia marahaba, kisha wakamuuliza kwa upole dume yuko wapi. Alipoonyesha mtungi, baadhi yao walikumbuka ghafla kwamba wana palizi haijaisha. Bibi mmoja alimwandalia kiburu cha ndizi na maharage, akakaa naye mpaka akamaliza kula, akiamini dume yuko nyuma anapanda mlima kwa miguu. Njia zetu zilikuwa za utelezi, na Bi Mektrida ameanguka na pikipiki mara tatu. Mtungi haujaanguka hata mara moja.

Sasa nije kwenye kosa la kwanza. Kwetu, mwenye ng'ombe wengi kuliko majani ya kuwalisha humwekesha mmoja kwa ndugu au jirani. Anayemfuga anapata maziwa na samadi ya kuweka kwenye migomba yake, mwenyewe anabaki na ng'ombe wake, na ndama wanagawana kwa makubaliano. Ni utaratibu mzuri wa kusaidiana, ila unahitaji karani mwenye akili. Mimi nilipoanza kazi niliandika kila ng'ombe kwa jina la nyumba alikolala. Ng'ombe watatu waliozaliwa na dume mmoja, wakiwekeshwa nyumba tatu, kwenye vitabu vyangu wakawa koo tatu zisizojuana. Tukaagiza mbegu kwa kufuata vitabu, na kwa miaka miwili nikawa nawaozesha mabinti kwa baba yao. Ndama wakaanza kuzaliwa wadogo, wengine dhaifu wa miguu, na mimi nikaandika taarifa ndefu ya kulaumu ukame.

Bi Mektrida hakunishtaki popote. Alichukua daftari jipya, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza juu ya kila ng'ombe, huyu mama yake nani na baba yake nani, na aliwekeshwa hapa kutoka wapi. Aliwaeleza wafugaji kwamba kila mnyama hubeba kasoro zilizojificha, na kwa kawaida kasoro aliyoipata upande mmoja hufunikwa na uzima alioupata upande wa pili. Baba na binti wakipandishwa, wote wawili huenda wanabeba kasoro ile ile, na ndama akiipata pande zote mbili hana cha kumfunikia. Kazi hiyo ilichukua miezi minane. Mimi nilimfuata nyuma nikishika kalamu, na kwa kweli niliishika vizuri.

Mwaka 2004 likaja la ndama mwekundu. Mzee Eliezeri alikuwa na ng'ombe wa rangi nyeusi na nyeupe, akahimilishwa kwa mbegu ya dume mwenye rangi hizo hizo, akazaa ndama mwekundu. Mzee alivaa koti lake la kanisani, akapanda mpaka ofisini. Alisema yeye si mtoto mdogo, mweusi kwa mweusi hawazai mwekundu, kwa hiyo Bi Mektrida amemwekea mbegu ya dume mwingine, na kama ndivyo basi atafutwe mwingine wa kufanya kazi hiyo. Bodi ikamwita ajieleze. Mimi, kwa bidii niliyojaliwa, nilikuwa nimeshaandika barua ya onyo kali kabla hajafika, na muhuri nimeshapiga.

Alikuja na bakuli mbili. Katika kila moja alikuwa amechanganya punje za ngwara nyeusi na za maharage mekundu, idadi sawa. Akasema kila mzazi anazo punje mbili za rangi, na humpa mtoto moja tu bila kuchagua. Nyeusi ikikutana na nyekundu, inayoonekana ni nyeusi, na nyekundu inajificha. Ng'ombe mweusi anaweza kuibeba nyekundu maisha yake yote pasipo mtu kujua, hadi akutane na mwenzake anayeibeba vilevile. Hapo, kwa wastani, katika ndama wanne mmoja atatoka mwekundu, na hakuna aliyemwibia mtu. Kisha akamwomba Mzee Eliezeri afumbe macho na kuchota punje moja kila bakuli. Mara tatu za kwanza nyeusi ilikuwamo. Mara ya nne mzee akafumbua macho akakuta nyekundu mbili kiganjani. Alisema aisee, akaomba achote tena. Alichota hadi saa sita mchana, wajumbe wakamsogelea kushangilia, na ajenda nyingine zote zikaahirishwa. Barua yangu niliichana chini ya meza.

Baada ya hapo niliandika mwenyewe maelezo ya kurasa mbili juu ya punje inayoonekana na punje inayojificha, kwa mwandiko mzuri, nikayabandika kwenye ubao wa matangazo. Walimu wa sekondari walikuja kuyanakili. Nilijiona mtaalamu. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu linalofuata halinipendezi.

Mwaka 2006 mwanangu wa kwanza, Stella, alikuwa na miaka minne. Malaria ilimshika, damu ikapungua sana, tukamteremsha hospitali mjini. Mimi na mke wangu Salvina tukapimwa ili tumchangie. Mimi nilikutwa na kundi A, Salvina kundi B, na Stella kundi O. Mtaalamu wa maabara alitueleza kwamba damu zetu hazimfai mtoto, akapewa ya kundi lake kutoka benki ya damu. Siku ya tatu Stella alikaa kitandani akadai ndizi. Nilipaswa kupiga magoti pale pale nimshukuru Mungu.

Badala yake nilikaa kwenye benchi la nje na baba mwingine, mtu nisiyemjua hadi leo, nikamsimulia. Akaniambia, bila kusita hata kidogo, kwamba mtoto ana damu ya baba au ya mama, na kama hana ya kwangu wala ya mke wangu, basi nitazame vizuri majirani. Mimi niliyewafundisha walimu wa sekondari kwa kurasa mbili nikamwamini mtu wa benchi.

Kwa wiki tatu nilikuwa mjinga kamili. Kanisani niliacha kufuata misa, nikawa natazama masikio ya wanakwaya, nikilinganisha na ya Stella. Mpiga kinanda alinikuta namkodolea macho mpaka akakosea wimbo. Nyumbani sikuongea. Stella alikuwa na mazoea ya kunisubiri mlango wa mbele jioni ili anirukie, nami nikaanza kuingilia mlango wa jikoni. Ninaliandika hili kwa aibu. Mtoto alikuwa ametoka kuponea chupuchupu, na baba yake anamkwepa. Nilikuwa nimeshaamua kwamba Jumamosi ya wiki ya tatu nitamrudisha Salvina kwao, yeye na mtoto.

Alhamisi ya wiki hiyo nilimfuata Bi Mektrida nyuma ya ofisi, akiosha mabuti yake. Nilimwambia nina rafiki yangu mfugaji, ana tatizo. Dume wake ni kundi A, jike ni kundi B, na ndama ametoka kundi O, sasa rafiki yangu anataka kujua kama ndama huyo ni wa dume wake. Hayo makundi ya A, B na O ni ya binadamu. Bi Mektrida analijua hilo kuliko mtu yeyote Kilema. Karani wa kumbukumbu za mifugo naye alipaswa kulijua.

Hakucheka. Hakuuliza jina la rafiki yangu, wala ng'ombe huyo kawekeshwa wapi. Alizima bomba, akageuza ndoo mbili, akakaa kwenye moja na kunionyesha nyingine. Akaniambia hilo jambo ni dogo na rafiki yangu asikose usingizi. Huyo dume ana punje mbili, moja ya A na moja ya O. Jike naye ana moja ya B na moja ya O. O hujificha nyuma ya A, na hujificha nyuma ya B, kwa hiyo kwa wazazi haionekani. Kila mmoja akimpa ndama ile aliyoificha, ndama anatoka O, naye ni wao wote wawili. Akaongeza kwamba kundi la damu peke yake halimtaji baba kwa jina. Linaonyesha tu kama jambo linawezekana, na hili linawezekana kabisa, kwa hiyo rafiki yangu hana ushahidi wowote mkononi. Anachobaki nacho ni jinsi anavyomjua huyo jike wake.

Nilimshukuru kwa niaba ya rafiki yangu. Nilipoinuka akaniambia neno moja zaidi. Akasema rafiki yangu asisahau kumshika ndama mara kwa mara, kwani ndama aliyetoka kuumwa huitafuta sauti aliyoizoea.

Niliondoka kazini kabla ya muda. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikamnyanyua Stella, nikamzungusha uani hadi akasema inatosha. Salvina alitoka jikoni akauliza kama nimefukuzwa kazi.

Tangu siku hiyo ni miaka kumi na tisa. Bi Mektrida hakuligusa jambo hilo tena, wala kwa utani, na mnajua ofisi yetu ilivyo kwa utani. Mara moja tu, Stella alipofaulu kidato cha nne, alinishika mkono akaniomba nimfikishie rafiki yangu pongezi.

Kuna mengine ya kumsifia. Daftari lake la koo za ng'ombe limefika juzuu ya tisa. Amewafundisha kazi vijana sita, na mmoja wao, Goodness, ndiye anayeupokea mtungi. Ndama wa kuzaliwa dhaifu ni wachache mno siku hizi, na Mzee Eliezeri, Mungu amrehemu, hadi mwisho wake alimtambulisha yule mwekundu kwa wageni kama kitegauchumi cha kisayansi. Hayo yote yamo kwenye taarifa za mwaka, nimeyaandika vizuri na hayana makosa mengi.

Lakini nilipoagizwa kuandika nilijua siwezi kumsifu kwa ndama nikalinyamazia hili. Kwa hiyo wiki mbili zilizopita nilikata jani la sale, ambalo kwetu mkosaji hulishika anapokwenda kuomba msamaha, nikampelekea Salvina na kumweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema wiki zile alidhani nina jino bovu linaloniuma, ndiyo maana alinipikia mtori kila siku. Kisha akalipokea jani, akasema naye atalifikiria kwa wiki tatu. Tukifika ukumbini zitakuwa bado hazijaisha, kwa hiyo mkiniona nimekaa peke yangu msishangae.

Wa mwisho kuulizwa alikuwa Stella, kwa kuwa habari hii ni yake kuliko yangu. Sasa ana miaka ishirini na mitatu. Alisoma ukurasa huu mezani, akanirekebishia tahajia sehemu mbili, akarudia kuusoma. Aliniuliza jambo moja tu, kama kweli alikuwa akinisubiri mlangoni jioni zile. Nikamjibu ndiyo, kila siku, kwa wiki tatu. Akasema hakumbuki hata jioni moja.

Dada Mektrida, hakumbuki. Ungenicheka siku ile, au ungetaka kujua ni nani huyo rafiki, nisingebaki kwenye ile ndoo kusikiliza, na leo Stella asingekuwa na kitu kingine cha kukumbuka ila mlango ambao baba yake hakuuingia. Kwa niaba ya wafugaji wote wa ushirika huu, na kwa niaba yangu mimi baba yake, tunakushukuru sana. Ustaafu kwa furaha na afya tele, na popote utakapopita, mlango wa mbele wa nyumba yetu uko wazi.