Bi. Eluned Prosser na Kata Iliyofutwa ya Nant-y-garreg

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya uchaguzi, Bi. Eluned Prosser anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Februari. Alianza akiwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura cha Nant-y-garreg, kata ya juu kabisa ya bonde letu, alikozaliwa na anakoishi mpaka leo. Kituo ni chumba cha nyuma ya kanisa, chenye jiko la makaa linalotoa moshi mwingi kuliko joto.

Kata hiyo iliundwa enzi za machimbo ya mawe ya kuezekea, nyumba zilipokuwa zimejaa watu. Siku ya kura, mawakala wa vyama vyote hukaa benchi moja na kula vikeki vya zabibu kutoka sahani moja. Bi. Eluned ndiye huvioka, na ole wake wakala anayenyakua cha mwenzake.

Mwaka wake wa kwanza, wagombea wawili wa udiwani walilingana kura, na sheria ikataka bahati iamue. Mkuu wetu wa wakati ule akatia majina kwenye birika la chai, akamwambia Eluned achomoe. Akatoa la Trefor Bebb. Aliyeshindwa alikuwa Idwal, kaka wa mama yake.

Mzee Idwal alimtania kila Jumapili mlangoni mwa kanisa: "We mtoto, mkono huohuo niliokuwa nikiupa viazi!"

Naye alimjibu: "Lilaumu birika, mjomba. Mimi nilifumba macho."

Utani huo uliendelea mpaka mzee alipofariki.

Machimbo yalifungwa, shule ikafuata, vijana wakahama. Miaka minne iliyopita kata ikafutwa, ikaunganishwa na Pentre Isaf, chini bondeni. Majirani walimjia Eluned aitetee. Hakuweza, kwani mtumishi wa uchaguzi hatoi maoni yake hadharani. Akaketi pembeni akiandika kumbukumbu za kikao kilichoifuta kata yake. Nilikuwa karibu naye, na iliniuma sana.

Sasa kuna pendekezo la kukifunga na hicho kituo cha kanisani. Likipita, wazee wa juu watalazimika kushuka bondeni kwa basi, na hilo basi lenyewe siku nyingine halitokei. Mkutano wa wananchi ni Jumatatu ijayo.

Bi. Eluned alikuwa na nafasi ya kubaki kazini miaka miwili zaidi, na tulimbembeleza abaki. Alitumiminia chai, akasema, "Wapenzi wangu, nimenyamaza vya kutosha."

Ahsante, Bi. Eluned, kwa subira yako, kwa vikeki, na kwa kutulea sote bila kutujulisha hata siku moja unampigia nani kura. Tutakukumbuka mno. Maisha yako ya mapumziko yawe marefu na yenye furaha, ila yaanze Jumanne. Jumatatu sisi tutakuwa mezani, tumefunga midomo kama ulivyotufundisha, na msemaji wa kwanza ni wewe.