Auleria Mbawala na Urani Iliyobaki Bombani

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Dada Auleria Mbawala anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kutafuta urani iliyobaki ndani ya mitambo. Nimekubali kumwandikia wasifu kwa shingo upande, na wanaonijua wanajua sababu: nimemwonea wivu miaka kumi na mmoja.

Alitoka Mbinga kuja kufanya usafi katika karakana yetu hapa Dubai, ambako mitambo iliyochakata urani huletwa kusafishwa. Kabla ya kuifungua, lazima ijulikane gramu ngapi zimeganda ndani: kilichoingia, toa kilichotoka, kisha tunahakikisha kwa kipima mionzi kutoka nje. Mimi nilikuja na shahada, yeye na ndoo. Akajifunza kazi hapahapa, akanipita.

Alikuwa ameyaosha mabomba, kwa hiyo alijua vumbi la urani hukaa kwenye viwiko, pale bomba linapopinda. Sisi wasomi tulipima palipofikika kwa urahisi. Yeye alipanda ngazi.

Siku moja nilipima tanuri, nikapata urani nyingi kuliko iliyowahi kuingizwa humo. Nilijiona mgunduzi. Dada Auleria akazunguka nyuma ya ukuta, akakuta pipa la taka zenye urani. Kipima mionzi changu kilikuwa kinalisoma hilo. Alilisukuma kando, akasema, “Yalla, Onesmus, pima tena,” na bosi hakuambiwa kitu. Hata wema wake uliniuma.

Mwezi uliopita aliombwa apendekeze mrithi. Mimi nikaenda mtaa wa Al Muraqqabat kununua suti. Akamtaja Belinda, mwenye miaka mitatu tu kazini! Nilipomuuliza ndani ya basi la kampuni, alinieleza waziwazi kwamba najua kupima, ila huwa natamani jibu liwe dogo ili niwahi kurudi nyumbani. Nilinuna wiki nzima.

Kisha nikalipima upya bomba la hewa ambalo mwaka jana nilitia saini kwamba ni tupu. Kiwiko cha tatu kilikuwa na gramu sitini na mbili za urani. Nimekabidhi marekebisho kwa jina langu. Belinda amepata cheo, na anastahili.

Dada Auleria, asante kwa kazi na kwa ukweli wako. Tunakutakia afya njema, kahawa yako Mbinga izae, na wajukuu wakuchoshe. Ungamo langu la mwisho ni hili: wiki hii nimepima upya kila bomba lenye saini yako, nikiomba nikute kosa moja tu. Sikulikuta.

Onesmus Mutiso