Vitundu Kama Mafiga

ZAHORO: Haloo? Kama ni wale wa fidia, andika tena: Jumatano, tarehe tisa Aprili, saa mbili asubuhi, daraja lilikatika na mke wangu Sitara juu yake. Nimechoka kurudia. Ni nani?

CAROLINE: Shikamoo, mzee Zahoro. Ni Caroline, wa maabara ya vyuma, niliyekuahidi majibu.

ZAHORO: Marahaba. Paza sauti, misumeno inalia huku Msimbazi.

CAROLINE: Nina habari njema! Chuma cha daraja jipya—

ZAHORO: Hata cha kwanza kilikuja na habari njema.

CAROLINE: Hiki kingine, mzee. Nimekivuta kwenye mashine mwenyewe. Kinarefuka, kinapinda, ndipo kikatike. Kile cha zamani kilivunjika kama muhogo mkavu.

ZAHORO: Vipande mlikata wenyewe kule darajani?

CAROLINE: Alivi... [mkwaruzo] ...alivileta Benjamini, wa mkandarasi. Ndiyo utaratibu.

ZAHORO: Utaratibu! Wakubwa hao. Anayepimwa ndiye anachagua cha kupimwa. Unavyo hapo? Tazama kichwani, msumeno ulipopita.

CAROLINE: Ngoja... kuna vitundu. Vitatu.

ZAHORO: Vimekaa kama mafiga.

CAROLINE: We! Umejuaje?

ZAHORO: Nimevipiga mimi. Benjamini alinijia Jumatatu na chuma kizuri, kimoja tu, kakinunua Kariakoo. Nikamkatia vipande sita.

CAROLINE: Kwa hiyo vyuma vilivyofungwa darajani—

ZAHORO: Havijatoka kwenye hicho.

CAROLINE: Na bado ukamkatia?

ZAHORO: Ningekataa, jirani angekata kabla chai haijapoa. Safari hii nimeweka alama. Ile ya kwanza sikuweka.

CAROLINE: Ya kwanza? Mzee... ile ya daraja la mama Sitara?

ZAHORO: Sikuuliza, mwanangu. Niliona kazi. Jioni, kwa pesa hiyo, nikamletea Sitara samaki changu wawili, akawakaanga huku anaimba.

CAROLINE: Mungu wangu, mzee.

ZAHORO: Basi, izuie hiyo karatasi ya majibu.

CAROLINE: Nimeshasaini asubuhi. Bosi kaipeleka. Jumamosi wanafungua njia.

ZAHORO: Kawaambie!

CAROLINE: Niwaambie nini? Vitundu vya fundi wa Msimbazi? Watasema ulivipiga—

ZAHORO: Kwa uchungu wa mke. Najua. Walishasema.

CAROLINE: Mzee, salio langu linakata—

ZAHORO: Moja tu, Caroline. Mama yako, uliyesema anakuja Jumamosi kutoka Moshi, atapita palepale. Utamwacha apite?

CAROLINE: Mimi... [mkwaruzo]

ZAHORO: Haloo? Caroline? Utamwacha apite?