Kondoo Mwenye Damu Yangu

Kibaraza cha duka la Abdulrahim, pale Murongo, kando ya mto wa mpaka wa Uganda, kilikuwa na benchi moja la mbao lenye mguu mfupi uliotegemezwa kwa jiwe. Mwaka ule wa mvua nyingi, miaka michache baada ya vita, mume wangu Novatus alikuwa na cherehani yake mwisho wa kibaraza, nami nilikaa ndani ya mlango, nyuma ya pazia, nikimtilia vifungo. Wenye benchi walikuwa watatu. Abdulrahim mwenyewe walimwita Pangani, kwa sababu babu yake alitoka huko, na yeye ndiye aliyeshika dele la kahawa. Kaijage walimwita Burma, maana alirudi kutoka vitani huko Burma na koti la askari na jibu la kila jambo. Wa tatu alikuwa Mzee Byaruhanga, mfugaji, aliyeitwa Mzee Fimbo. Asubuhi ninayoieleza hakuwa amefika, na sote tulikuwa tukimngoja yeye.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Wakati wa mvua kondoo wa Mzee Fimbo walianza kutupa mimba, leo huyu, kesho yule. Mmoja nilimsaidia kwa mikono yangu, kwa kuwa alilia sana na mzee alikuwa peke yake. Siku chache baadaye nikashikwa na homa kali. Daktari wa mifugo aliyekuja kwa ajili ya kondoo akasikia habari zangu, akaja akanitoa damu nikiwa bado nachemka, na damu ile akamdunga kondoo mzima mwenye mimba. Kondoo wa pili, mwenye mimba vilevile, akamdunga maji tu. Alisema kama homa yangu ni ile ya kondoo, yule wa damu ataugua na kutupa mimba. Kama siyo, atazaa. Wote wawili wakawekwa kwenye zizi la wavu, kila mmoja upande wake, na Mzee Fimbo akapewa kazi ya kuwatunza. Tangu siku hiyo Novatus aliwashonea watu wote wa Murongo, lakini kwa mtoto wetu hakukata kitambaa hata cha upana wa kiganja. Sikumuuliza. Nilijua anangoja nini.

Pangani: Jana jioni kondoo alikuwa hatulii, anapekua majani kwa miguu. Leo ndiyo leo.

Burma: Ninyi mnadhani wanapima homa. Hawapimi homa hawa. Wanataka kujua damu ya watu wa huku ina nguvu kiasi gani. Sisi walitupima wote kabla ya kupanda meli. Wenye damu nzito wakapewa mizinga.

Pangani: Na wewe walikupa nini?

Burma: Sufuria.

Pangani: Basi yako ni uji, bwana.

Nilicheka nyuma ya pazia. Cherehani ya Novatus iliendelea kukimbia, wala hakuinua kichwa.

Pangani: Mimi nimesikia kwa wachuuzi kwamba huko Uganda kuna nyani wamewekwa ndani ya matundu juu ya miti, wanangoja kuumwa na mbu. Kazi yao ni hiyo tu. Wanakula ndizi na kuumwa.

Burma: Wanalipwa?

Pangani: Si nimekwambia, ndizi!

Burma: Na nyani mwenye mimba je?

Pangani: Labda huyo anapewa likizo.

Burma: Hutacheka utakapoona mwisho wake. Leo kondoo, kesho ng'ombe. Wakimaliza ng'ombe watapiga mbiu, wanawake wote wenye mimba wapangwe mstari, waogeshwe kwenye josho, mmoja mmoja, mpaka masikioni!

Novatus: Burma.

Alisema hilo tu, na cherehani ikasimama.

Burma: Nimenyamaza. Shemeji, uko humo? Nisamehe. Mdomo wangu hauna mlango.

Mkono wake ukapita chini ya pazia na karanga za kukaanga kwenye kipande cha jani la mgomba. Haukupita muda mkono wa Pangani ukafuata na kikombe cha maziwa. Alinipa maziwa kila asubuhi tangu nilipoumwa, na kila mara alisema yamebaki tu, ingawa nilimsikia akimwagiza muuzaji.

Pangani: Kunywa, Kobusingye mwanangu. Yamebaki tu haya.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja na kapu la samaki wakavu kichwani, akingoja forodha ifunguliwe.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama, akajibu Pangani. Tua mzigo. Karibu kahawa.

Alisema anaitwa Adelgunda, ametoka Rugera. Pangani alimmiminia kikombe na kumweleza habari yote ya kondoo na damu, kwa sauti ambayo hata waliokuwa mtoni waliisikia. Hakuwa amemaliza alipotokea Mzee Fimbo, miguu imelowa umande, fimbo iko begani. Akaketi. Akavua kofia. Akaomba kahawa.

Burma: Mzee, utakunywa baadaye! Sema.

Mzee Fimbo: Amezaa.

Pangani: Hai?

Mzee Fimbo: Hai. Jike. Amesimama mwenyewe, ananyonya, mkia unacheza hivi.

Pangani alipiga makofi. Burma alisimama akapiga saluti, sijui kwa nani. Mimi nilifunika uso kwa nguo niliyokuwa nikiitilia vifungo, ya mtu mwingine, nikailowesha.

Mzee Fimbo: Ila daktari amenikasirikia sana.

Novatus: Kwa nini tena?

Mzee Fimbo: Amewasimamisha kondoo wake pamoja, huyu wa damu na yule wa maji. Akaniuliza kwa nini mmoja anang'aa na mwenziwe mbavu zinahesabika. Nikamwambia ukweli. Novatus, babu yako na babu yangu walikula punje moja ya kahawa iliyochovywa damu zao. Ni omukago ule. Tangu siku hiyo nyumba yenu ni nyumba yangu. Sasa kondoo ana damu ya nyumba yenu ndani yake, mimi nimlishe nyasi kavu? Nilimpa majani ya viazi, nikampa chumvi, na kila jioni nikamwashia moshi mbu wasimguse.

Burma: Lakini omukago huliwa punje, mzee! Kondoo kala punje lini?

Mzee Fimbo: Sindano imeingia. Punje ya nini tena?

Burma: Halafu udugu wa damu ni wa wanaume.

Mzee Fimbo: Mwambie kondoo.

Pangani: Lahaula! Kwa hiyo mwaka huu mimi siwezi kumnunua kondoo yule kwa ajili ya Idi?

Mzee Fimbo: Mguse uone fimbo hii inafanya kazi gani.

Novatus: Mzee, daktari alisema nini?

Mzee Fimbo: Alishika kichwa. Akasema aliwataka wawili wale sawa, walale sawa, watofautiane kwa sindano tu. Sasa hajui kama kondoo amesalimika kwa kuwa damu haikuwa na ubaya, au kwa sababu ya viazi vyangu.

Nilimwona Novatus kupitia kitundu cha pazia, ameshika gurudumu la cherehani kwa mikono miwili.

Novatus: Joto je? Alikuwa akimpima joto kila asubuhi.

Mzee Fimbo: Ngoja nimeze. Hilo ndilo alilonituma. Hakuchemka hata mara moja. Daktari anasema viazi haviwezi kuzuia joto. Anasema kwa anavyoona yeye, homa ya mkeo ilikuwa nyingine, siyo ile ya kondoo wangu.

Pangani: Sasa si ungeanza na hilo, mzee wangu!

Mzee Fimbo: Nilikuwa na aibu. Na yule wa maji nimempa viazi leo. Nimemwomba radhi.

Walicheka mpaka jiwe likachomoka kwenye mguu wa benchi. Adelgunda peke yake alikuwa akitazama kikombe chake.

— Samahanini, baba zangu, akasema. Kondoo akizaa salama, ndiyo mtu naye atazaa salama?

Mzee Fimbo alikuna kisogo kwa ncha ya fimbo. Pangani aliinua dele ili apate la kufanya, akaliinamisha juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka matone mawili meusi na machicha.

Pangani: Kahawa imekwisha.

Hapo nikasikia mkasi. Novatus alikuwa amekunjua kitambaa cheupe laini, ambacho sikuwahi kujua kwamba anacho, akakitandaza juu ya meza ya cherehani. Alikata upande mmoja, akageuza, akasita.

Novatus: Shingo ya mtoto mchanga ni kiasi gani?

Burma akafanya duara kwa vidole, kubwa kama la mdomo wa sufuria. Mzee Fimbo akasema angeweza kumletea mwanakondoo apime. Pangani, baba wa watoto saba, alitazama juu kwenye mabati kana kwamba pameandikwa.

Adelgunda akacheka kwa mara ya kwanza. Akaweka kikombe chini, akaunganisha vidole vyake juu ya kitambaa.

— Hapa, baba. Mkatie hapa, na nyuma umwachie kifungo.

Nikafunua pazia nikatoka na sindano yangu, maana vifungo ilikuwa kazi yangu.

Binti yetu alizaliwa wakati kahawa imeanza kuiva mashambani, mzima, analia kama anagombana na mtu. Nguo ile ilimkaa shingoni vizuri kabisa. Mikono tu ndiyo iliyokuwa mirefu, na Novatus aliikunja mwenyewe.